Dumu, ndoo, bati au chupa ya asali: kipi kiweke nini jikoni

Jumamosi iliyopita nilikaa chini jikoni nikatoa kila kitu kilichokua chini ya sinki na juu ya kabati, makopo ya siagi, ya aiskrimu, chupa za asali, chupa za maji, madumu ya mafuta ya lita 5, mabati ya maziwa ya unga, vyote vile ambavyo nimekua navikosha na kuviweka kwa kusema "ntakuja kukitumia". Nikavihesabu, 31. Afu nikahesabu mifuniko, 24. Nikaanza kuvifunika kimoja kimoja, vilivyopata mwenzake ni 19 tu, yaani vyombo 12 havina mfuniko na mifuniko 5 haina makopo, makopo yake nadhani yaliondoka na pilau za watu siku ya Idd. Mume wangu akapita akauliza kama nafungua duka.

Sa hapo ndo nikaamua nivilinganishe vizuri nijue kipi kinabaki na kipi kinaenda. Nimekua nikitengeneza achari ya embe nyumbani na kuuza miaka kadhaa, nimepoteza achari za kutosha kwa sababu ya kuchagua chombo vibaya, kwaiyo haya siyasemi kwa kusoma tu. Wengi tunaangalia kama kopo ni gumu, ni zuri, ni kubwa. Mi siku hizi naangalia mdomo na mfuniko. Mdomo unakwambia kama mkono wako utaingia kusugua, na mfuniko unakwambia kama hewa, sisimizi na huu unyevu wa Dar vitaingia. Mwili wa kopo ni baadae.

Kabla ya yote lakini, kilichokuwemo mwanzo. Naongelea vyombo vilivyokuja na chakula tu. Dumu la mafuta ya taa, la dizeli, la dawa ya shamba, la kemikali za kusafishia, ndoo ya rangi, hivyo hata uoshe mara 20 havirudi kua vya chakula, plastiki inanyonya kile kilichokaa ndani afu inakirudisha taratibu. Kama sokoni unauziwa dumu lililotumika na muuzaji hajui lilibeba nini, nusa, na kama linanukia sabuni kali kuliko kawaida basi jiulize alikua anaficha harufu gani.

Maji ya kunywa: dumu au ndoo?

Hii ndo vita ya nyumba nyingi maana maji ya bomba yana siku zake na lazima uhifadhi. Dumu la njano la mafuta la lita 20 upande mmoja, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko upande wa pili.

Dumu lina mdomo mwembamba na hiyo ndo sifa yake kubwa, hakuna mtu anayezamisha kikombe, mtoto hawezi kuingiza mkono wenye mabaki ya ugali, na ukilipakia kwenye bodaboda au mkokoteni halimwagiki njiani. Ndoo kila mtu anachota, na anayechota hajui aliyechota kabla yake alitoka kushika nini. Wataalamu wa maji wanapenda chombo chenye mdomo mdogo kwa sababu hiyohiyo, maji yanaweza kutoka kwenye bomba yakiwa salama afu yakaharibikia nyumbani kwenye kikombe cha kuchotea.

Ila mdomo huohuo ndo ugonjwa wa dumu. Huwezi kuingiza mkono. Chukua dumu lako ulilolitumia miezi sita, washa tochi ya simu, chungulia ndani. Kuna utando wa kijani hivi, unateleza, na wengine hatujawahi kuuona kwa sababu hatujawahi kuchungulia. Mi naosha hivi: kokoto ndogondogo zilizooshwa au mchanga msafi viganja viwili, sabuni ya unga, maji ya vuguvugu mpaka robo, nafunga natikisa kama nagombana nalo, nageuza huku na huku, afu nasuuza mpaka povu liishe. Dumu jipya lililotoka kubeba mafuta linaanza na majivu ya kuni kwanza, majivu na mafuta vikikutana na maji ya moto kiasi vinakua kama sabuni, mafuta yanaachia. Bibi zetu waliosha masufuria kwa majivu walikua wanajua wanachofanya.

Ukiona dumu limefungwa kwa kipande cha nailoni kwenye mdomo ujue mfuniko sio wake. Hilo liende kumwagilia maua.

Kwangu mimi: dumu kwa maji ya kunywa, ndoo kwa ya kupikia na kuoshea vyombo. Na kama una hela kidogo ya fundi, ndoo iliyofungwa koki chini inashinda vyote viwili, inaingia mkono wakati wa kuosha na haichotwi. Hapo umepata mdomo mpana na mdomo mwembamba kwenye chombo kimoja.

Chupa za maji za lita 1 na nusu tunazojaza na kuweka kwenye friji, hizo sina ugomvi nazo sana, mradi unaziosha na unazitoa zikianza kua na mikwaruzo au harufu. Kuosha ndani weka kijiko cha mchele mbichi, tone la sabuni na maji, tikisa, mchele unasugua. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kachemsha maji, hana subira, anamimina yakiwa bado ya moto. Chupa inajikunja kiuno, inakua fupi, inaegemea upande kama imechoka. Plastiki ile ikifika joto la nyuzi 70 hivi inaanza kulegea, na kama umbo limebadilika mbele ya macho yako mi siyataki maji yake. Acha yapoe kwenye sufuria lililofunikwa.

Kuna jambo moja ambalo hizo chupa zinashinda chombo kingine chochote, nalo ni kuua vijidudu kwa jua pale mkaa na gesi vikiwa vimeisha. Chupa safi isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, maji maangavu, unailaza juu ya paa la bati masaa 6 ya jua, kukiwa na mawingu mengi siku 2 mfululizo. Maji yakiwa na tope haifanyi kazi, mionzi haipiti, jaribio lake weka chupa imesimama juu ya gazeti uangalie kutokea mdomoni kama unasoma kichwa cha habari. Chupa ya kijani hapana, iliyokwaruzika sana hapana. Na haiondoi chumvi ya maji ya kisima, hilo watu wa Tabata na Mbagala msinilaumu.

Maharage, mahindi, mchele: sulfeti au dumu?

Kijijini wanatuma gunia, mjini tunaliacha kwenye sulfeti lake, ule mfuko wa nyuzi za plastiki, kwenye kona ya stoo, mwezi wa tatu unasikia sauti ya kusagwa usiku. Hao ni fukusi, na kama ni mahindi yametoka bara anaweza kua dumuzi, yule wanayemuita Scania. Sulfeti inapumua, ndo uzuri wake kwa kitu ambacho hakijakauka vizuri, na ndo ubaya wake kwa kitu kilichokauka. Inapitisha hewa, inapitisha unyevu, panya anaitoboa kwa usiku mmoja.

Dumu la lita 20, au hata chupa za maji za lita 1 na nusu kwa anayenunua kidogokidogo, zinafanya kitu tofauti kabisa. Ukijaza maharage makavu mpaka juu kabisa, usiache nafasi, ukafunga vizuri, wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki, inawaishia, wanakufa. Bila dawa yoyote. Hiyo ndo kazi ya ile mifuko ya tabaka mbili tatu inayouzwa maduka ya pembejeo, wewe unaipata kwenye dumu ulilokua unataka kulitupa. Sharti ni ujaze, na usifungue kila siku. Ukiwa na maharage nusu dumu na unafungua kila jioni umewajengea wadudu nyumba yenye mlango. Kwaiyo gawa, chupa tano ndogo zilizojaa ni bora kuliko dumu moja la nusu, unafungua moja unaimaliza.

Sa hapa lazima niwe mkali kidogo. Nafaka ikiwa na unyevu ukaifungia kwenye dumu unaotesha ukungu, na ukungu wa mahindi na karanga ndo unaoleta sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika wala kwa kukaanga. Kenya mwaka 2004 ilikamata watu 317 na 125 walifariki, na sisi 2016 tuliipata Dodoma na Manyara. Jaribio la unyevu liko jikoni kwako, tena linatumia chupa ya glasi iliyobaki na asali: iwe kavu kabisa, weka nafaka kama robo, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka haijakauka, rudisha juani. Chumvi ikidondoka yote chini, jaza dumu.

Mdomo tena. Maharage yanaingia kwenye dumu kwa faneli ya kichwa cha chupa ya maji kilichokatwa, na yanatoka yenyewe. Unga hautoki, unagoma shingoni, unagonga dumu kama ngoma, nyumba nzima inaamka. Unga uende kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 10 au 20 yenye mfuniko wa kubana ule unaofunguliwa kwa kijiko. Hiyo ndoo kwa unga sijaona mpinzani wake.

Halafu haya makopo tusiyadharau, sokoni ndo mizani. Debe lilikua bati la mafuta kabla halijawa kipimo cha mahindi, na Kenya gorogoro ni kopo la kilo 2 la mafuta ya mgando, watu wanapima nalo mpaka leo.

Sukari, chumvi, majani ya chai: bati au plastiki?

Fupi. Bati la maziwa ya unga linazuia mwanga na halina harufu, majani ya chai na kahawa vinakaa humo vizuri kuliko popote. Ila chumvi usithubutu, huku pwani chumvi inavuta maji, bati linaota kutu kuanzia ule mkunjo wa chini ambao huuoni mpaka uliinue ukute duara la kahawia kwenye kabati. Chumvi iende kopo la siagi. Sukari popote mradi mfuniko unabana, ukibonyeza usikie "tak". Usiposikia, sisimizi wamesikia.

Achari na vitu vichachu

Hapa nina maneno mengi. Mwanzoni nilikua naweka kwenye makopo ya plastiki ya siagi ya karanga kwa sababu ni mepesi, hayavunjiki, mteja wa Kigoma akiagiza linafika. Yana mdomo mpana na mfuniko wa plastiki, nikadhani nimemaliza. Tatizo ni kwamba achari ina mafuta, ina manjano, ina kitunguu saumu, na plastiki inashika vyote. Baada ya achari moja kopo ni la achari maisha yake yote, rangi ya manjano haitoki hata kwa kuliweka juani, na ukiweka ubuyu humo mteja anakuuliza mbona ubuyu una bizari. Afu mafuta yenyewe yakikaa kwenye mikwaruzo yanachacha, ile harufu ya mafuta ya zamani, unaosha unanusa bado ipo.

Chupa ya glasi haishiki kitu. Unaosha leo ilikua achari kesho inaweka asali hakuna anayejua. Unaweza kuichemsha, plastiki nyingi huwezi. Mi nazipanga kwenye sufuria, chini nimetandika kitambaa, namimina maji ya baridi mpaka yazifunike, ndo nawasha jiko, zikishaanza kuchemka nahesabu dakika 10. Zianze kwenye baridi zipande na maji. Siku moja nilikua na haraka, chupa imetoka kwenye friji, achari imetoka jikoni, nikamimina. Ikalia "ka!", chini ikabaki mezani na juu ikabaki mkononi mwangu, achari ya embe 12 ikatembea mpaka mlangoni. Hakuna kuokota hapo, vipande vya glasi huvioni kwenye mafuta, unafagia na kulia. Glasi haipendi kushtuliwa, ndo tabia yake.

Udhaifu wa pili wa glasi ni mfuniko. Mwingi ni wa bati, na ndimu, siki na chumvi vinakula bati. Ndani una rangi nyeupe inayozuia, ila ukishakwaruzwa na kijiko au ukifunguliwa kwa kisu, baada ya wiki tatu unaona vidoti vya kutu, wiki ya sita kutu imedondokea kwenye embe. Kwaiyo glasi nzuri yenye mfuniko mbovu kwangu inashindwa na plastiki yenye mfuniko mzuri, najua kuna watakaobisha. Ninachofanya sasa natafuta chupa za kahawa, zile zenye mfuniko wa plastiki, majirani wananiwekea. Zile za mfuniko wa bati nazitumia kwa asali na vitu vikavu, pilipili manga, iliki, karafuu.

Na kuna sehemu moja mfuniko unageuka adui. Kitunguu saumu kilichosagwa kikazamishwa kwenye mafuta bila siki wala ndimu, ukakifunga vizuri ukakiacha kabatini, kuna mdudu anayependa pasipo na hewa, anatengeneza sumu ambayo hainuki wala haibadilishi rangi. Hiyo weka kwenye friji na usizidishe siku 4, au gandisha. Achari ya kweli yenye ndimu ya kutosha ni habari nyingine, ukali wake unamzuia.

Chakula cha kubeba: kopo la aiskrimu au kontena la kununua?

Geuza kopo chini utaona pembetatu yenye namba. 1 ni kama chupa za maji, haitaki moto. 2 ni madumu, imara. 5 ndo makopo mengi ya siagi na aiskrimu, inavumilia joto kuliko zote hizo. 6 ni yale masanduku meupe ya chipsi, yanayovunjika kama kashata, hayo mara moja tu na tena chipsi zikiwa zimepoa.

Sa mtu akisikia 5 inavumilia joto anachukua kopo la siagi anaweka wali wa moto afu ofisini anatia kwenye maikrowevu. Kopo lile lilitengenezwa kubeba kitu cha baridi, ni jembamba, na maikrowevu haipashi sawasawa, penye mafuta panawaka zaidi. Nimeona kopo lenye mchuzi wa nazi limebonyea kwenye mstari uleule mchuzi ulipoishia, limekua kama limepigwa ngumi. Hamishia kwenye sahani ndo upashe. Kwa moto kontena la kununua linashinda, na bakuli la udongo linashinda kontena.

Kwa baridi kopo la aiskrimu halina mpinzani. Maharage yaliyochemshwa, nazi iliyokunwa, supu iliyopoa, linakaa vizuri kwenye friza, na ukilimwagia maji kidogo kwa nje barafu inaachia inatoka kama tofali. Andika juu kwa karatasi na selotepu maana wiki ya pili hujui kama ni maharage au kunde, na watoto wanalitoa wakidhani ni aiskrimu, mwanangu alilia kweli.

Na kwenye shughuli ndo usiseme. Ukimpa mtu pilau kwenye hotpoti yako nzuri umeanza safari ya kuidai, mwezi mzima unaizungumzia kwa mafumbo. Ukimpa kwenye kopo la aiskrimu hakuna deni. Ila nimegundua kitu, kwetu pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu, ukimpelekea futari kinarudi na tende au vitumbua. Kopo la aiskrimu halirudi kabisa, kwaiyo na vitumbua havirudi. Mi Ramadhani napeleka kwenye bakuli, pilau ya watu 200 ndo inaenda kwenye makopo.

Gazeti, daftari, mfuko wa unga

Maandazi yenye mafuta kwenye gazeti unasoma habari za jana kwenye andazi, wino unahamia. Karatasi ya daftari la mtoto ni ileile, kuna wino wa kalamu. Chukua pakiti ya karatasi ya unga wa ngano, pasua, kung'uta, ndani ni safi na ilishabeba chakula, kata vipande utandike kwenye ungo wa vitumbua inyonye mafuta. Gazeti lifunge ndizi mbichi ziive na lifute kioo.

Trei za mayai nzima rudisha kwa muuza mayai maana bila trei unaongezewa hela. Iliyolowa au kupasuka isiwekewe mayai tena wala chakula, kinyesi cha kuku kinajificha kwenye vishimo, ila kwa kuwasha mkaa ni nzuri mno, kipande kimoja jiko limeshika. Kuna wanaowashia vipande vya plastiki, moshi mweusi unaingia kwenye ugali na kwenye kifua, sina hata cha kulinganisha hapo.

Nje: sulfeti, dumu lililokatwa au chupa kwa mboga

Kwa mwenye uwanja wa baraza tu. Sulfeti ina udongo mwingi na inapumua, mchicha na matembele vinapenda, Kibera watu wanapanda sukuma kwenye magunia, wanatoboa ubavuni kila tundu mche. Ubaya wake jua linaila. Baada ya muda ukiishika inavunjika nyuzinyuzi, na hizo nyuzi zinaingia kwenye udongo hutazitoa zote. Dumu lililokatwa ubavu linadumu zaidi, liwekee matundu chini kwa msumari uliopashwa moto, bila matundu mizizi inaoza. Chupa ndogo ni za kitunguu majani na miche tu, udongo unakauka kabla ya saa sita mchana.

Vile vyombo 12 visivyo na mfuniko ndo nilitaka viende huku, nikaanza kuvipanga nje, afu nikakumbuka dengue. Mwaka 2014 na 2019 Dar iliisikia, na mbu wake anazaa kwenye maji masafi yaliyotuama, kopo la siagi likinyeshewa usiku mmoja linamtosha. Anauma mchana, net haikusaidii. Kwaiyo chombo kinachokaa nje ama kina udongo na matundu ama kimefunikwa kifudifudi, kikikaa wazi kinasubiri mvua ni bora kisiwepo. Vinne nikavitoboa nikapanda giligilani, nane nikampa kijana anayeokota makopo, alivyoona vimeoshwa akashangaa, akavipima kwa mkono akaweka kwenye sulfeti lake.

Vikabaki 19 na mifuniko yake kabatini. Ile mifuniko 5 yatima, minne nimeiweka chini ya miguu minne ya kabati la sukari, nimetia mafuta kidogo yaliyokaangia samaki, maji nimeogopa mbu. Ni siku ya tano leo sisimizi wanakuja mpaka ukingoni wanazunguka wanarudi. Wa tano sijui niuweke wapi, niliuosha nikauanika dirishani na bado upo pale.